Uzi wa Mum Umehama

Cuzo Twiga,

Hapa Kabati tuko sawa, mbuzi amezaa mapacha, na wewe huko shule jikaze. Nakuandikia kwa sababu simu hamruhusiwi, na hii haingoji: kuna mtu anaguza vitabu vya Mum!

Unakumbuka zile hadithi za msichana wa kupanda fisi mwenye mabawa? Mum alikuwa ananisomea akimaliza kusuka kiondo. Siku alipelekwa hospitali tulikuwa peji ya arobaini, akaweka uzi wa katani hapo. Tangu tumzike sijaweza kufungua. Jumatatu napanguza vumbi, uzi uko peji ya sitini na mbili!

Nikashuku Anti Kavindu. Tangu matanga ni kusema, "Hivyo vitabu ni vya majini. Jumapili mchungaji akuje tuchome." Nikamuuliza. Akaruka: "Mimi? Hata na kijiti siwezi guza!"

Leo uzi uko peji ya tisini, na kando yake kuna ugoro. Twiga, hapa kwetu ugoro ni ya Baba peke yake! Baba mwenye alikuwa anamchekelea Mum, "Mtu mzima na hadithi za watoto!" Nimemkazia macho tukikula muthokoi. Hakuinua kichwa.

Sasa, anasoma ndio asikie Mum, ama anamtafutia Anti hayo majini? Kitabu kimebakisha peji kumi. Cha pili, chenye hadithi inaendelea, nimekificha kwa gunia la ndengu kisichomwe, na Jumapili ni keshokutwa. Ungekuwa mimi, ungemwekea Baba hicho cha pili mezani?

Ni mimi wako,
Mutheu