Kiingereza cha Kwenda Sakania

Jumatatu, 6 Mei 1957
Nimetoka kazini, nimekula, nimekaa na kitabu. "Put on, put off, put out, put up with." Neno kubwa moja, vijineno vingi, na kila kijineno kinageuza maana yote. Lugha ya vichaa. Ijumaa Mwingereza wa reli anakuja kunipima. Nikifaulu, ukarani wa stesheni ya Sakania, mpakani treni za Waingereza zinakoingia, ni wangu. Mama yake mke wangu, Monika, anaishi huko. Mimba ya kwanza ilitoka hapa Katuba, Monika akiwa peke yake nyumbani. Hii ya pili ina miezi saba. Naogopa.

Jumatano, 8 Mei
Vibaya. Nikitafuta "put out" lazima nianze juu kabisa, "put on, put off", ndipo nifike. Ndivyo mapadri walivyotufundisha: kuimba hadi ishike. Monika amekulia Ndola, ng'ambo ya mpaka kwa Waingereza, Kiingereza alikiokota barabarani. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Weye uko unasoma sawa na katekisimu. Simama, tupike."

Akaninyang'anya kitabu, akaanza kuamuru. "Put it on." Nikateleka sufuria. "Put it out." Nikazima moto. Kisha akaahirisha chakula, eti ndiyo "put off". "Put up with" ni kuvumilia. Mvumilivu hula mbivu. Mimi nimekula maharagwe mabichi.

Alhamisi
Hata kufagia, kwa Kiingereza. Majirani wanadhani tumegombana. Nimekasirika mara moja, ikapita. Nampenda huyu mwanamke.

Ijumaa, 10 Mei
Mwingereza hakuuliza kitu cha kitabuni. Alinitembeza kati ya mabehewa akinituma. "Hold on." Nikasimama. "Bring those over." Nikaleta. "Fill this in." Nikajaza. Mikono ilitangulia, kichwa kikafuata. Nimefaulu. Nimeendesha baiskeli hadi Katuba nikiimba, watu wakinishangaa.

Jumapili, 2 Juni. Sakania
Tumefika jana. Monika amelala, mama yake yuko kando ya kitanda. Kwetu mume hatazamani na mama mkwe wake, wala hawasemezani. Kwa hiyo nimekaa nje, nyuma ya nyumba. Kupitia dirisha namsikia: "Ulale, mwana yangu. Miye niko hapa."

Baadaye nyayo, kisha kikombe kikatua kizingitini. Nimengoja aondoke ndipo nikakichukua. Chai ya moto, sukari nyingi.