Kidole Kwenye Pombe ya Wimbi

Malaba, Jumapili, Agosti 1974

Jina la Nekesa, binti yetu mchanga amelikataa mara mbili. Mama mkwe alifika asubuhi kutoka Chakol na kibuyu cha pombe ya wimbi. Kwao Wateso, nyanya huchovya kidole, humtia mtoto mdomoni na kutaja majina. Lile atakalolinyonyea ndilo lake.

Kwetu mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe, kwa hiyo nilisikiliza nyuma ya pazia. Alianza na Nekesa, marehemu nyanya yangu, kwa heshima. Binti yetu akafunga mdomo. Akarudia, akafunga tena. Aliposema Amoit, akanyonya.

“Baba Amoit, umesikia?” mke wangu aliita akicheka.

Nilisikia. Lakini Jumamosi mama yangu anakuja kumpakata Nekesa wake. Nilimwahidi. Atasema sikuoa, niliolewa.

Jioni, mke wangu akioga, mimi mtoto wa mzee wa kanisa, nisiyeonja pombe, nilichovya kidole changu.

“Nekesa,” nikanong’ona.

Akanyonya. Labda ilikuwa njaa tu.

Sasa nina la kumwambia mama. Lakini nimenawa mikono mara tatu, na mke wangu ameanza kunitazama.