Taa Nyekundu za Kitalu Namba Nne

Nyumba za Wafanyakazi,
Mlango wa Saba,
Nyuma ya ghala la kufungashia maua.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Haraka,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na watoto. Hamjambo nyote? Kile kifua cha wifi kimetulia, au bado anakohoa kila baridi ikianza? Mimi namshukuru Mungu naamka, natembea, nafanya kazi. Magoti yananilalamikia nikikaa sana kwenye ibada, lakini hayo ni ya umri, hakuna wa kumlaumu.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Simu nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza habari za baridi, nikakuaga. Mdomo wangu uligoma. Naona niijaribu kalamu.

Umeniandikia mambo mawili. La kwanza umeuliza taa gani ununue za kukuzia mboga na nyanya humo ndani, maana huko kwenu jua likitoka ni kama mgeni aliyepita kuaga. La pili hukuuliza, ulihukumu tu. Naanza na la kwanza kwa sababu ni jepesi.

Usichague taa kwa kuangalia inavyong'aa. Jicho la mtu na jani la mmea haviuoni mwanga kwa namna moja. Sisi taa nyeupe tunaiona kali, na nyekundu tunaiona hafifu kama kaa linalozimika. Jani lenyewe linaitumia sana hiyo nyekundu, pamoja na buluu kidogo ili mche usirefuke ovyo. Taa nyeupe za kisasa zimechanganywa rangi zote, kwa hiyo chukua nyeupe. Hizi za zambarau zitafanya sebule ya wifi yangu ionekane baa.

Itundike juu ya majani kwa umbali wa kiwiko hadi ncha ya vidole. Halafu weka mkono wako pale majani yalipo, mgongo wa kiganja ukiangalia juu, uhesabu hadi thelathini. Mkono ukiona moto, jani nalo linaungua. Majani yakipauka, pandisha taa. Miche ikirefuka shingo nyembamba kama watu wanaochungulia dirishani, ishushe. Mboga za majani zipe saa kumi na nne kwa siku, nyanya kumi na sita, kisha zima. Usije ukasema moyoni kwamba ukiwasha usiku na mchana vitakua mara mbili. Mmea nao unalala. Na ununue kile kisaa cha kuwasha na kuzima chenyewe, usitegemee mtu.

Ndiyo hayo. Mengine yako kwenye boksi la taa, na wewe unajua kusoma kuliko mimi.

Sasa la pili. Umeandika kwamba binti yako ameacha kazi huku kitaluni baada ya miezi minane kwa sababu amechoka, na kwamba mtu asiyeweza kudumu kwa shangazi yake hataweza kudumu huko kwako. Umeandika kwamba karatasi zake za safari umezirudisha kabatini. Halafu chini ukaniandikia mimi: "Pole dada, najua umejitahidi naye." Hiyo pole imenikaa kooni kama mfupa.

Hakuchoka. Hakuacha. Alifukuzwa, na alifukuzwa kwa kosa langu. Hilo la kuchoka amekwambia yeye ili kunifunika mimi.

Nikueleze tangu mwanzo, maana hujui kazi yetu. Kitalu namba nne tunaotesha krisanthemamu, yale maua ya petali nyingi nyembamba yanayowekwa kwenye vyumba vya wagonjwa na juu ya makaburi. Ua hili lina tabia yake. Usiku ukiwa mfupi linarefuka tu. Usiku ukiwa mrefu ndipo linafunga vichomozo, vile vitumba vya ua, na kuchanua. Kwa hiyo miche ikiwa michanga tunaiwashia taa usiku wa manane, iamini kwamba usiku ni mfupi, ipate urefu. Ikishafika magotini tunazima taa kabisa, na jioni saa kumi na mbili tunavuta mapazia meusi hadi saa moja asubuhi. Hapo ni giza tupu kila siku, bila kukosa hata siku moja, mpaka vichomozo vionyeshe rangi. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa. Mapazia yale nimeyavuta mpaka viganja vikawa kama soli.

Mwaka huu wakabadilisha taa. Zile za zamani za njano wakazitoa, wakafunga nyekundu. Alikuja fundi wa taa kutufundisha, lakini somo likawekwa siku ya ibada. Nikasema mimi siku ya Mungu siiuzi kwa balbu. Nilijisikia vizuri kusema hivyo, na wenzangu wakaitikia amina. Nikamtuma binti yako aende badala yangu. Huku walimwita Daftari, kwa sababu kila anachoambiwa anakiandika. Akarudi na kurasa sita.

Sikuzisoma.

Wakati huo nilikuwa naongoza kikundi cha maombi cha akina mama wa kufungasha. Lori la kampuni linawashusha saa tisa usiku na ghala linafunguliwa saa kumi, hivyo walikuwa wanasimama nje kwenye umande saa nzima, wengine na mimba, wengine na vifua kama cha wifi. Mimi nina ufunguo wa namba nne, na mle ndani kuna joto. Nikawaingiza. Tukawa tunaomba pale mwisho wa matuta, na ili tusome Kitabu nikawa nawasha mstari mmoja wa zile taa nyekundu. Dakika ishirini tu. Maua yalikuwa tayari yako kwenye giza lake, wiki ya pili.

Utasema dada, wewe wa miaka kumi na tisa, hukujua? Za njano nisingethubutu. Hizi nyekundu nilizidharau. Zilikuwa hafifu hata kusoma ilibidi niinamishe ukurasa. Nikasema taa isiyonitosha mimi mwenye miwani, italiamsha ua gani?

Binti yako alinikuta siku ya tatu. Alisubiri wenzangu watoke, akaniambia taratibu, kwa adabu yake ile, akiwa ameshika zile kurasa: "Shangazi, fundi alisema hizi nyekundu ndizo zinazoukata usiku kuliko zote. Hata dakika chache. Tuwashe tochi ya kijani, ambayo maua hayaioni, au tuombee nje."

Nikamjibu mbele ya mama mmoja aliyerudi kuchukua kanga aliyoisahau: "Nilikuwa nawasha na kuzima taa humu wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Neno la Mungu halijawahi kukausha ua."

Yule mama akacheka. Binti yako akasema, "Sawa, shangazi," akakunja kurasa zake akazirudisha mfukoni. Hakuniambia tena. Ningekuwa yeye nisingesema tena vilevile.

Tuliomba pale wiki tatu. Tuliomba mvua, tukaombea wagonjwa, tukaombea hata safari ya mwanao kuja kwako. Na kila siku, kwa mkono wangu, nilikuwa nayaambia maua elfu kadhaa kwamba kumekucha.

Vichomozo havikuja. Vitalu vingine vilikuwa vimeshaonyesha rangi, chetu ni kijani kitupu, mashina yanarefuka tu kama hayana habari. Pale kwenye mstari wetu wa taa ndiyo mabaya kabisa. Meneja akaja na kisaa cha kuwashia taa za kitalu chetu, amekifungua. Kumbe hivi vipya vinaweka kumbukumbu ya kila taa inapowashwa. Ilikuwa imeandikwa saa tisa na robo, saa tisa na robo, siku kumi na nane. Na mwenye dhamana ya kisaa, kwa kuwa ndiye aliyehudhuria somo, alikuwa Daftari.

Tulisimama wanne ofisini: meneja, karani, binti yako na mimi. Meneja aliuliza nani alikuwa anawasha. Binti yako hakunitazama. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo, jinsi alivyojitahidi asinitazame, ili macho yake yasinitaje. Mimi nikajiambia nitasema, ngoja amalize kufoka. Nikajiambia nitasema, ngoja karani atoke. Nilikuwa nafikiria ufunguo, nafikiria chumba hiki ni cha kampuni, nafikiria kikundi changu kitasemaje.

Meneja akamwambia, "Basi ni wewe."

Akajibu, "Ni mimi."

Nami nikanyamaza. Niliwahi kufundisha watoto wa ibada kwamba kunyamaza si uongo. Nimekoma kulifundisha.

Jioni ile nilimkuta anakunja nguo zake. Nilitaka kumshukuru, neno likanitoka vibaya, nikamwambia Mungu atamlipa. Akaniambia, "Shangazi, usimtume Mungu kwenye kazi yako." Hakupaza sauti. Akafunga zipu ya mkoba, akaenda kukaa kwa rafiki yake. Sasa anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni karibu na kituo cha mabasi. Vidole vyake vimechubuka kwa dawa. Nikipita ananiamkia shikamoo kamili, anainama vizuri, na baada ya hapo haniongeleshi. Afadhali angenitukana.

Usidhani sikujaribu kurekebisha. Baada ya siku tisa nilienda kwa meneja nikasema yote, na kurasa za fundi nikazitaja. Alinisikiliza huku anaweka sahihi kwenye makaratasi mengine. Alipomaliza akaniambia, "Mama, hilo faili tumeshalifunga. Nikikufukuza wewe, nani atanishikia maua?" Nikamwomba basi afute jina la mtoto, aandike langu. Akasema ripoti imeshapanda juu, haishuki. Na akaniongezea kitalu namba tano. Yaani mdogo wangu, nimeharibu zao, nimemponza mtoto wako, nikapandishwa.

Wenzangu wa maombi niliwaambia pia. Mmoja akasema ni adui katujaribu. Nikamwambia dada, adui gani, mimi ndiye niliyebonyeza swichi. Tangu hapo naona wamepata kiongozi mwingine. Wanaombea nje, kwenye umande, na hawaniiti. Kampuni ina mabati tele nyuma ya stoo, lakini kibanda cha kuwakinga wale akina mama hawajawahi kujenga, na hilo nalo linaniuma, kwa sababu nilivunja sheria kuwasitiri na sasa wameikosa hata ile sehemu.

Mimi bado naomba. Lakini naomba gizani, na sina maneno mengi.

Nina hasira na kampuni, nina hasira na nafsi yangu, na wewe pia nina hasira na wewe, nikuambie ukweli. Ulimwacha mtoto kwangu akiwa na miaka sita. Miaka kumi na tano nakuandikia habari zake: hajawahi kunijibu vibaya, hajawahi kuacha jambo katikati. Ukasikia neno moja, amechoka, ukaliamini bila kumuuliza kuchoka na nini. Ungeuliza mara ya pili tu ungejua hilo neno si lake.

Sikuandikii ili unisamehe. Msamaha nitautafuta kwa binti yako mwenyewe, pole pole, akitaka. Nakuandikia uzitoe zile karatasi kabatini. Mhuri wake wa kuingia huko unaisha mwishoni mwa Januari, umesema mwenyewe. Mwandikie yeye kwanza kabla hujanijibu mimi, na usimwambie kwamba nimekuomba. Mwambie baba yake amekosea. Hilo akilipata kutoka kwako, mengine ataweza.

Wasalimie wifi na watoto wote, hasa yule mdogo anayeogopa paka. Shemeji yangu fundi cherehani anawasalimu, na jirani wa mlango wa nane anauliza kama bado unaimba kwa pua. Mungu akulindie nyumba yako, akupe moyo mpole kuliko mkono wako, na akiwasha kitu kwako akiwashe kwa wakati wake.

Ofisi imekataa kuliandika jina langu pale linapostahili. Basi hapa, kwenye karatasi ambayo hakuna meneja wa kuifunga, naliweka mwenyewe.

Wako nikupendaye,
Dada yako, mwenye ufunguo wa namba nne, niliyewasha taa.