Upande wa pili wa mvule

Malaba, Jumamosi, 1964

Hata mkono sikumpa. Kazi ya kupimia wataalamu miti msituni imeisha mpaka kiangazi kingine, na leo Opio mwenzangu amerudi kwao Uganda.

Pale mpakani akaniuliza, "Mzee, utanikumbuka?"

"Nikukumbuke wewe, unayekoroma kama trekta? Hebu vuka!"

Akacheka, akavuka. Hakusema kama atarudi, na mimi siwezi kumbembeleza mtu.

Kwa kupima miti hakuna wa kunishinda, hata wataalamu wanajua. Lakini mti mnene unataka wawili, mmoja arushe kamba ya kupimia kuzunguka shina, mwenzake aidake nyuma.

Jioni nikajaribu mvule wa hapa nyumbani peke yangu. Nikarusha, kamba ikaanguka. Nikarusha tena, nikaita, "Opio, umeshika?"

Halafu nikasimama, nikangoja ajibu.