Liverpool Niliyoiona Sebuleni

Jumatatu, mjini Laurel

Leo tena kule kazini Rockville wameniuliza picha za Liverpool. Niwaonyeshe nini? Nilikwenda kutazama bandari kongwe na maghala yake ya matofali mekundu, nikarudi na picha za biriani.

Kosa langu ni kumwambia mama kwamba nasafiri. Nilipotua, Shangazi Zuhura, anayeishi huko, alikuwa ananisubiri uwanjani. "Hoteli ya nini, kwani huna watu?" Begi langu lilikuwa tayari mkononi mwa mumewe.

Kila asubuhi nilivaa viatu vya kutembelea, na kila asubuhi kulikuwa na wageni wanaokuja kumwona mtoto wa marehemu kaka yake, yaani mimi. Ningetokaje? Bandari niliiona kwenye dirisha la gari, tukienda kununua nyama. Nikamwomba shangazi tusimame kidogo.

"Maji tu hayo," akasema. "Hukuyaona Tanga?"

Likizo yangu yote ya mwaka imeishia hapo.

Jioni hii mama kapiga simu. Shangazi kafurahi mno, anataka mwakani nikakae mwezi mzima. Nilitaka kumwambia kwamba... Nikasema inshallah. Kumbe mama alishamjibu shangazi kwamba nitakwenda.