Shuka Pana

Nyumba ya Madobi,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kitindamimba,

Hujambo, mdogo wangu? Kifua kimekuacha? Na yule mtundu wako ameota meno? Sisi wazima, ni magoti yangu tu yanayolalamika mvua ikikaribia.

Barua yako nimeisomea uani, shuka za nyumba ya wageni zikipepea pande zote, nikawa kama niko ndani ya wingu. Unasema wewe na mumeo hamgombani tena: kila mtu anajipakulia chakula chake, analala upande wake, amani tele. Nimeogopa, mdogo wangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Amani hiyo naijua. Mwaka huu mimi na shemeji yako tulichoka kuzozana kila tukikunja shuka: mimi navuta sana, yeye anavuta shingo upande. Tukakubaliana kila mmoja akunje zake peke yake, mezani. Kelele ziliisha kweli. Lakini siku zikawa zinapita kwa mbali, kama ndoto ya mtu mwingine. Nilikuwa na hamu naye ilhali yupo pale pale, anapiga pasi!

Juzi ikaletwa shuka moja pana kupita kiasi. Nilihangaika nayo mpaka pembe ikagusa tope. Shemeji yako akaja, akashika ncha ya pili.

"Unavuta mno," akasema.

"Na wewe je, hujala leo?"

Basi, yote yaliyolala yakaamka: mama yake, chumvi, lile neno aliloniambia mbele ya wateja. Nililia, naye akaniomba radhi. Lakini shuka haikunjwi kwa mbali. Kila mkunjo ulituleta karibu, na sauti nazo zikashuka zenyewe. Mkunjo wa mwisho vidole vyetu vikagusana, akacheka, na kununa kukanishinda. Tukasimama pale tu, katikati ya weupe ule, maji ya chai yakikauka jikoni.

Sikutumi ukatafute ugomvi, wala matusi siyataki. Ila kinachokuuma kiseme. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana.

Nisalimie mama mkwe wako, na mumeo, fundi saa asiyejua saa ya kula. Mbusu mtundu. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Kifurushi hiki kina shuka. Nimeunga mbili kwa cherehani, ikawa pana mno. Usiikunje peke yako.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,
Mama Sabuni