Dawa ya Ngoma ya Mwandu

Nkololo, Bariadi
12 Agosti

Kwa dada yangu mpendwa Esteria,

Mwangaluka, dada. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kazi ya uuguzi hapo mjini haijakuchosha sana. Baba hajambo, ila goti linamsumbua. Mama anakusalimu na anauliza kama karanga zilifika.

Usishangae kuletewa barua na Paschal leo hii wakati simu ninayo. Kwenye simu ungeniuliza maswali, nami ningekudanganya.

Mama ameshakuambia kwamba mdogo wetu Mwandu anaumwa. Wiki hii ameanguka mara mbili, akatetemeka na kutokwa povu. Baba anasema amerogwa na wachezaji wa Bagika tuliowashinda kwenye mashindano ya ngoma mwaka jana. Najua umewasihi wamlete hospitali. Baba hataki kusikia, anasema ugonjwa wa ngoma hautibiwi kwa sindano. Kesho kutwa wanampeleka kwa mganga wa kijiji cha Ngulyati, akae huko mpaka apone.

Dada, unakumbuka kikundi chetu cha ngoma nilikianzisha mimi. Ngozi za ngoma nilizitafuta mimi, nyimbo nilizitunga mimi. Mwandu alicheza msimu mmoja tu, watu wakamfanya manju wao, kiongozi wa ngoma. Hata mke wangu Kabula alikuwa akipepeta mtama huku akiimba jina la Mwandu, katika wimbo nilioutunga mwenyewe. Nilimwonea Mwandu wivu mno.

Kabla ya mashindano alinijia kwa adabu, akaniomba mimi kaka yake nimtafutie dawa ya ngoma, maana kila manju ana ya kwake ya kuvuta watu. Nikamwambia nitaipata.

Sikwenda kwa mganga yeyote. Nilikwenda Dutwa kwa vijana wanaopakia marobota ya pamba, wanaomeza vidonge vya maumivu ili wasichoke. Waliniambia viwili vinatia nguvu, vinne vinalaza mtu. Nikasaga vinne, nikavichanganya na asali. Nilitaka alale uwanjani, watu wamcheke.

Hakulala. Alicheza mpaka jua likazama, na upande wa Bagika ukabaki mtupu, watazamaji wote wamehamia kwetu. Siku ya tatu akaja kuomba tena, nikampa. Akawa anakuja kila siku, anatetemeka, ananipigia magoti, na mimi nilifurahi, dada. Manju anayesifiwa na kata nzima alikuwa ananililia mimi. Nimempa mwaka mzima, na bado anaamini ni dawa ya ngoma. Vijana wa Dutwa wamenieleza kwamba mwenzao mmoja alianguka hivyo hivyo, akafa.

Hata sasa watu wanajaa uani kumjulia hali, nami najikuta nawaza ni wangapi wangekuja kwa ajili yangu.

Jana mama alitaka kunitoa ili mgonjwa apumzike. Mwandu akanishika mkono, akamwambia, "Mwache kaka Mayala. Kwenye ngoma, ni yeye peke yake aliyenitakia mema."

Pakiti tupu nimeibandika nyuma ya karatasi hii, daktari asome jina la vidonge. Njoo kesho, kabla hawajamwondoa. Barua hii msomee baba, na Mwandu awe anasikia. Nitakuwa nimekaa hapo hapo, sitakimbia.

Msalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu, kama bado utapenda.

Ni mimi mdogo wako,
Mayala